Sinema Haikuvumbuliwa na Mtu Mmoja: Jinsi ya Kuwaeleza Wanafunzi Chimbuko la Picha Jongefu

Uliza darasa la juu la shule ya msingi hapa Dodoma ni nani aliyevumbua sinema, na huenda ukapata majibu matatu yanayogongana. Mwanafunzi mmoja atamtaja Thomas Edison, kwa kuwa amezoea kusikia kwamba ndiye aliyevumbua karibu kila kitu kinachotumia umeme. Mwingine, pengine aliyesaidiwa na kaka yake wa sekondari, atawataja ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière. Wa tatu atasema ilianzia Hollywood, kisha ataketi bila wasiwasi wowote. Wazazi wakiulizwa nyumbani hupekua simu na kurudi na jina la nne. Ubishi huu hautokani na uvivu wa kusoma. Unatokana na swali lenyewe, ambalo linadai jina moja kwa jambo lililochukua takribani miaka 70 kukamilika, mikononi mwa watu wa nchi mbalimbali ambao wengi wao hawakuwa wakitafuta sinema hata kidogo.

Kwa maoni yangu, mwalimu anayetaka kuifundisha historia hii vizuri aliweke kando kwanza swali la nani, na badala yake aulize ni tatizo gani lilikuwa likitatuliwa. Matatizo yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kuifanya michoro iliyotulia ionekane inatembea. La pili lilikuwa kupiga picha za vitu halisi kwa kasi, nyingi ndani ya sekunde moja. La tatu lilikuwa kuzionesha picha hizo zikiwa kubwa ukutani, mbele ya watu wengi kwa wakati mmoja. Kila anayetajwa katika ubishi wetu alitatua tatizo mojawapo, au sehemu yake tu, na mwanafunzi akishayatenganisha matatizo hayo, majina hayamchanganyi tena.

Yapo maneno machache ya kukubaliana kabla ya kuendelea. Picha mnato ni picha iliyotulia, mfano ile inayowekwa kwenye kitambulisho. Picha jongefu ni mfululizo wa picha mnato zinazooneshwa moja baada ya nyingine kwa kasi, hadi mtazamaji aone mwendo. Kila picha mnato iliyomo katika mfululizo huo huitwa fremu. Filamu, kwa maana yake ya awali, ni utepe mwembamba unaobeba fremu hizo, ingawa leo tunaita filamu hata hadithi iliyomo kwenye simu, ambayo haina utepe wowote. Projekta ni mashine inayopitisha mwanga mkali kwenye fremu na kuitupa taswira yake ukutani. Sinema ni maonesho yenyewe, na pia ni jumba yanamofanyika.

Hakuna kinachotembea

Jambo gumu zaidi kwa mtoto kulikubali ni kwamba ndani ya filamu hakuna kitu kinachotembea. Anapomwona mchezaji wa mpira akikimbia kwenye skrini, anaangalia picha zilizotulia, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyoitangulia. Maelezo ya mdomo hayatoshi kumshawishi, lakini kaunta buku iliyokwisha kutumika itamshawishi. Achore duara dogo la mpira kwenye pembe ya chini ya ukurasa wa mwisho, kisha kwenye ukurasa unaofuata auchore mpira huo ukiwa umepanda kidogo, na aendelee hivyo hadi ufike juu na kuanza kushuka. Akimaliza, azikunje kurasa kwa kidole gumba na kuziachia moja moja kwa haraka. Mpira utadunda. Kosa ambalo wanafunzi wengi hufanya ni kuusogeza mpira mbali mno kati ya ukurasa na ukurasa, na matokeo yake mpira unaruka kwa mishtuko badala ya kwenda. Mwalimu asiharakishe kuwasahihisha, kwa sababu kosa hilo ndilo linalowaonesha kwa macho yao kuwa tofauti kati ya fremu na fremu ni lazima iwe ndogo. Kitabu cha namna hii kiliwekewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Uingereza mwaka 1868 na John Barnes Linnett, na hadi leo hakijapata mpinzani kwa urahisi wa kufundishia.

Hapo hapo somo la Hisabati linaweza kuingia. Filamu za mwanzo zilioneshwa kwa takribani fremu 16 kwa sekunde. Ili kupata sekunde 10 tu, mwanafunzi anahitaji michoro 160. Darasa la wanafunzi 40 wakigawana kazi, kila mmoja atachora minne, na wote watatambua kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kutengeneza filamu ndefu kwa kuchora.

Lakini kwa nini tunaona mwendo? Vitabu vingi, na walimu wengi, hujibu kwamba jicho huhifadhi picha kwa muda mfupi baada ya picha kuondoka, na kwamba picha hiyo iliyobaki huungana na inayofuata. Maelezo hayo huhusishwa na Peter Mark Roget, daktari wa London, ambaye mwaka 1824 alieleza jinsi mikono ya gurudumu linalopita nyuma ya uzio wenye mianya inavyoonekana imepinda. Ni kweli kwamba mwanga unaowaka na kuzimika haraka sana huonekana kuwa haukatiki, na bila hilo filamu ingetuchosha kwa kumetameta. Hata hivyo, kuhifadhiwa kwa picha peke yake hakuelezi mwendo, kwani kama picha zingekuwa zinabaki tu kwenye jicho, zingerundikana moja juu ya nyingine na kutuletea ukungu. Mwaka 1912 Max Wertheimer alichapisha nchini Ujerumani utafiti wa mistari miwili inayooneshwa kwa kupokezana, ambapo kwa muda fulani mfupi kati ya mstari mmoja na mwingine, watazamaji hawakuona mistari miwili bali mstari mmoja uliohama. Mwendo huo ulitengenezwa na ubongo. Kwa hiyo mwalimu anayesema kuwa jicho huhifadhi picha amesema nusu tu, na nusu muhimu zaidi imebaki.

Watengenezaji wa vifaa hawakusubiri maelezo hayo yakamilike. Mwaka 1832 Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji, alitengeneza kisahani chenye michoro kuzunguka ukingo wake na mianya myembamba kati ya mchoro na mchoro. Wakati huo huo, na bila kushirikiana naye, Simon Stampfer wa Vienna alitengeneza kisahani cha aina hiyo hiyo. Mtazamaji alikigeuza kisahani kikabili kioo, akakizungusha, na kuchungulia kupitia mianya. Darasani kinatosha kipande cha boksi gumu, mkasi, msumari wa kukizungushia na kioo cha kujitazamia. Wanafunzi wakikizungusha bila kuchungulia kwenye mwanya wataona michirizi tu. Wakichungulia wataona mtu anaruka. Sababu ni kwamba mwanya hukuruhusu kuuona kila mchoro kwa kitambo kidogo mno, kisha giza, kisha mchoro unaofuata. Kanuni hiyo ya taswira, giza, taswira itarudi tutakapofika kwenye projekta, na ni vyema watoto wawe wameishika kwa mikono yao kabla ya hapo. Baadaye Plateau alipoteza kabisa uwezo wa kuona, ila aliendelea na utafiti wake kwa msaada wa watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1834 Mwingereza William George Horner alikigeuza kisahani kuwa pipa dogo lenye mianya, ambalo watu kadhaa waliweza kulizunguka na kutazama pamoja bila kioo.

Tundu la msumari

Mtu akiishia hapo atadhani kwamba kutupa taswira ukutani kulikuja mwisho. Ukweli ni kinyume chake, na shule nyingi za Dodoma zina kifaa cha kuthibitisha hilo juu ya paa. Bati linapotobolewa na msumari uliong'oka, mwanga wa jua hupenya na kuchora doa la duara sakafuni. Watoto wote wameliona doa hilo, na karibu wote wanaamini kuwa ni duara kwa sababu tundu ni duara. Mwalimu akate tundu dogo la pembetatu kwenye kipande cha boksi na kulikinga juani. Karibu na ukuta, doa litakuwa pembetatu. Akilisogeza boksi mbali na ukuta hatua kadhaa, doa litakuwa duara. Doa lile ni taswira ya jua lenyewe. Waliokuwa na umri wa kukumbuka tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua ambako watu walikusanyika Rujewa mkoani Mbeya kukutazama, wanaweza kukumbuka pia kwamba vidoa vya mwanga chini ya miti vilikuwa na umbo la mwezi mwandamo. Hata hapa Dodoma, ambako jua lilifunikwa kwa sehemu, vidoa hivyo vilikuwa vikifuata umbo la jua lililomegwa. Watoto waonywe wasilitazame jua moja kwa moja, siku ya kupatwa au siku nyingine yoyote. Wageuke na kutazama doa.

Takribani miaka 1,000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, aliandika juu ya mwanga unaopita katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza, na akaeleza umbo la taswira ya jua lililopatwa kwa njia hiyo hiyo. Jaribio lake linaweza kufanyika katika chumba chochote ambacho madirisha yake yanaweza kuzibwa kabisa, na kiangazi chetu kirefu chenye anga safi ni msimu mzuri kuliko yote. Tundu moja dogo likiachwa upande unaotazama uwanja wa shule, baada ya dakika chache macho yakizoea giza, ukuta wa pili utaonesha mti, mlingoti wa bendera na wanafunzi wakipita, wote wakiwa miguu juu na kichwa chini, kwa rangi zao halisi, na wakitembea. Picha jongefu iko ukutani bila umeme wala mashine. Kinachokosekana ni kuihifadhi tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kugeuza mpangilio, taa iwekwe ndani na mchoro juu ya kioo mbele yake, ili taswira itoke nje. Christiaan Huygens wa Uholanzi anahesabiwa kuwa wa kwanza kuunda taa ya namna hiyo, na mwaka 1659 alichora vijipicha vya kiunzi cha mifupa ya mtu kikivua fuvu lake na kulirudisha, vikiwa vimekusudiwa kuoneshwa kwa taa hiyo. Projekta, kwa maneno mengine, iliitangulia kamera ya filamu kwa zaidi ya miaka 200.

Wapo wanaopenda kuirudisha historia hii nyuma zaidi, hadi kwenye michoro ya miambani, na kwa mwalimu wa mkoa wetu kishawishi hicho ni kikubwa kwa kuwa michoro ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko ndani ya mkoa. Ziara ya Kolo ni jambo la kutamaniwa kwa kila mtoto. Lakini ningemshauri mwalimu asiiite sinema. Inaonesha watu na wanyama waliochorwa kwa ustadi mkubwa, wala haikuchorwa kama mfululizo wa kutazamwa kwa kasi, na kuipachika jina lisilo lake hakuiongezei heshima.

Kuunasa mwendo

Tatizo la pili, la kupiga picha kwa kasi, lilikuwa gumu kwa sababu za kikemia. Picha ya zamani zaidi ya kamera iliyobaki hadi leo, aliyoipiga Mfaransa Nicéphore Niépce kupitia dirisha lake mwaka 1826 au 1827, ilihitaji mwanga wa saa nyingi. Chochote kilichopita mbele ya dirisha lile kwa miguu yake hakikuacha alama. Ilibidi kemikali ziboreshwe kwa nusu karne hadi picha iweze kupigwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwenye mstari kando ya njia ya farasi. Nyuzi zilitandazwa kukatiza njia, na farasi alipozigusa akipita kwa kasi, kila uzi ulifyatua kamera yake. Picha zilionesha wazi kuwa kuna wakati kwato zote nne huwa hewani, na kwamba hilo hutokea miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, tofauti na wachoraji walivyozoea kuonesha miguu ya mbele na ya nyuma ikiwa imetanuliwa. Husimuliwa sana kuwa tajiri aliyemlipa Muybridge, Leland Stanford, alikuwa ameweka dau la dola 25,000 kuhusu jambo hilo. Hakuna ushahidi wa dau hilo, na walimu wanaweza kuliacha bila somo kupoteza ladha. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, mtafiti wa mwili na mwendo wa viumbe, aliunda kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, akaitumia kuchunguza ndege wakiruka. Hakuna kati ya wawili hawa aliyekuwa na shauku ya burudani.

Kilichobaki ni kitu cha kubebea picha nyingi. Kioo ni kizito na huvunjika. Kampuni ya George Eastman, Mmarekani, ilileta sokoni karatasi laini zinazoviringishwa, na mwaka 1889 utepe wa seluloidi, aina ya plastiki inayoonesha upande wa pili. Kwa utepe wa karatasi wa Eastman, Mfaransa Louis Le Prince alipiga huko Leeds, Uingereza, Oktoba 1888, picha jongefu za watu wakizunguka kwenye bustani, zenye urefu wa sekunde mbili hivi. Ndizo picha jongefu za kamera za zamani zaidi zilizobaki. Septemba 1890 Le Prince alipanda treni mjini Dijon kuelekea Paris na hakuonekana tena, kabla hajafanya onesho la hadharani. Ni wachache wanaolitaja jina lake katika ubishi wa darasani, na kwangu hilo ni pungufu kubwa.

Edison, ndugu wa Lyon na fundi cherehani

Sasa Edison anaweza kuingia mahali pake. Katika maabara yake huko New Jersey, kazi kubwa ya kuunda kamera ya filamu ilifanywa na mfanyakazi wake, William Dickson. Walitumia utepe wa upana wa milimita 35 wenye matundu kandokando, kipimo kilichokuja kutawala sinema kwa karne nzima. Studio yao ya mwaka 1893 ilikuwa banda jeusi ambalo paa lake lilifunguliwa na ambalo lote liliweza kuzungushwa juu ya reli ya duara kulifuata jua, maana taa za wakati ule hazikutosha. Hata hivyo, filamu zao zilitazamwa ndani ya kabati la mbao lenye tundu la kuchungulia, mtu mmoja kwa zamu. Duka la kwanza la makabati hayo lilifunguliwa New York Aprili 1894. Edison na Dickson walikuwa wametatua tatizo la pili kwa ubora mkubwa, na la tatu wakaliacha.

Makabati hayo yalifika Paris mwaka huo huo, na Antoine Lumière, mwenye kiwanda cha vifaa vya kupigia picha mjini Lyon, akayaona. Wanawe wakaanza kazi, na kikwazo chao kilikuwa kimoja. Ili taswira iwe safi ukutani, kila fremu isimame kabisa mbele ya mwanga kwa kitambo, kisha iondoke haraka kuipisha inayofuata, mara 16 katika kila sekunde, bila kuuchana utepe. Louis Lumière alikuja kueleza kwamba jibu alilipata kwa kufikiria cherehani.

Hapa mwalimu awapeleke wanafunzi kwa fundi yeyote aliye barazani karibu na shule, na amwombe fundi azungushe gurudumu polepole kwa mkono. Sindano ikiwa ndani ya kitambaa, kitambaa kimetulia. Sindano ikitoka, meno madogo ya chuma yaliyo chini yanainuka, yanakishika kitambaa, yanakisogeza hatua moja na kuzama tena. Gurudumu linazunguka bila kukoma, ilhali kitambaa kinakwenda na kusimama, kinakwenda na kusimama. Mashine ya akina Lumière ilifanya hivyo hivyo. Kucha mbili za chuma ziliingia katika matundu ya utepe, zikauvuta fremu moja, zikachomoka, na utepe ukatulia. Wakati utepe unavutwa, kisahani chenye pengo kilichozunguka mbele ya lenzi kiliziba mwanga. Ulipotulia, pengo lilifika na mwanga ukapita. Mwanafunzi aliyechungulia kwenye mianya ya kisahani cha boksi ataitambua kanuni ile ile, taswira, giza, taswira. Mashine hiyo ilizungushwa kwa mkono, ilikuwa na uzito wa takribani kilo tano, na ilifanya kazi tatu, yaani kupiga filamu, kuichapa nakala na kuionesha.

Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini ya mgahawa wa Grand Café mjini Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja wakaoneshwa filamu kumi, kila moja ikiwa na urefu wa chini kidogo ya dakika moja. Siku hiyo ndiyo inayotajwa na wengi kuwa kuzaliwa kwa sinema. Wajerumani wana haki ya kukumbusha kuwa ndugu Max na Emil Skladanowsky walikuwa wamewaonesha watu waliolipa kiingilio filamu zao katika ukumbi wa Wintergarten, Berlin, tangu tarehe 1 Novemba mwaka huo. Mashine yao ilitumia tepe mbili zilizopokezana, ikawa ngumu kuitumia na haikuenea. Hollywood haina nafasi katika habari hii, kwa sababu studio ya kwanza ilifunguliwa huko mwaka 1911. Ningependa kuona mtihani unaouliza, "Ndugu Lumière walitatua tatizo gani ambalo Edison hakulitatua?" badala ya ule unaotaka jina na mwaka.

Yanayosimuliwa visivyo

Habari maarufu kuliko zote ni ile ya watazamaji wa Paris waliokimbia kwa hofu walipoiona treni ikija upande wao. Filamu ya treni ikiingia katika kituo cha La Ciotat ipo, ila haikuwemo katika orodha ya tarehe 28 Desemba 1895. Ilianza kuoneshwa mapema mwaka 1896. Wala hakuna taarifa ya wakati ule inayothibitisha kuwa watu walikimbia. Watu wa Paris walizijua treni kwa miongo mingi. Watoto wa hapa huelewa hoja hii haraka wakiambiwa kwamba Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwamba ingekuwa jambo la kushangaza iwapo mtu aliyezaliwa jirani na stesheni angeikimbia treni isiyo na sauti, isiyo na rangi, na inayopita pembeni mwa ukuta. Simulizi hili linapendwa kwa kuwa linatufanya tuwaone watu wa zamani kuwa wajinga.

La pili ni kwamba watu wa zamani walitembea kwa mwendo wa harakaharaka. Filamu iliyopigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, ikioneshwa kwa fremu 24, ambacho ndicho kiwango kilichokubalika baada ya sauti kuingia, hukimbia mara moja na nusu. Tukio la sekunde 60 linamalizika ndani ya sekunde 40. Kosa ni la mashine ya baadaye. Vilevile si kweli kuwa filamu zote za awali zilikuwa nyeusi na nyeupe. Nakala nyingi zilipakwa rangi kwa mkono, fremu kwa fremu, kazi iliyofanywa mjini Paris na wanawake katika karakana ya Elisabeth Thuillier, ambao waliipaka rangi kazi ya Georges Méliès, mfanyamazingaombwe aliyehudhuria onesho la Grand Café na akawa bingwa wa hila za kamera. Kuhusu wanawake, watoto watajiwe pia Alice Guy, aliyeanza kuongoza filamu za hadithi Paris mwaka 1896.

Kosa la tatu ndilo ninalolijali zaidi, nalo ni kudhani kuwa filamu bubu zilitazamwa kimya. Kabla ya Oktoba 1927, ilipooneshwa New York filamu ndefu yenye sehemu za mazungumzo yanayosikika, The Jazz Singer, kumbi zilikuwa na piano au bendi, na nchini Japani alisimama kando ya skrini msimulizi aliyesema maneno ya wahusika wote na kuieleza hadithi, akawa maarufu kuliko waigizaji. Mtoto wa Dodoma aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, akiisikia filamu ya Kichina ikisimuliwa kwa Kiswahili na dijei, haoni ajabu katika jambo hilo.

Kati ya Japani na kibanda umiza kuna Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Hapo, mwaka 1935 hadi 1937, wakati wa utawala wa Waingereza, kulikuwa na mradi wa filamu za elimu uliofadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilihusu kilimo, minyoo ya safura, kuweka akiba na mambo ya namna hiyo, waigizaji wakiwa wenyeji. Sauti haikuwekwa kwenye utepe bali kwenye santuri, ili filamu moja iweze kusimuliwa kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine, kisha ikabebwa kwa lori kuoneshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, na katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Walioongoza mradi huo waliamini kuwa Mwafrika hawezi kuifuata filamu yenye mwendo wa kawaida, hivyo wakazitengeneza polepole na kwa urahisi wa kupita kiasi. Dhana hiyo ifundishwe waziwazi kuwa ni dhana ya kikoloni, sambamba na ukweli kwamba filamu zilikuwa zikitengenezwa Usambara miaka 40 tu baada ya Paris.

Zoezi la kufungia mada hii halihitaji zaidi ya simu ya mwalimu, kwani filamu za Lumière zinapatikana bure kwenye intaneti. Ichaguliwe ile ya wafanyakazi wakitoka kiwandani Lyon, wengi wao wanawake, iliyopigwa mwaka 1895 na wenye kiwanda hicho hicho, na ambayo ilirudiwa hadi yakawepo matoleo matatu yanayotofautishwa na farasi: moja lina farasi mmoja, jingine wawili, la tatu halina farasi. Kundi moja la wanafunzi liisimulie kwa sauti, dijei afanyavyo, kwa niaba ya mwenye kiwanda. Kundi la pili liisimulie kwa niaba ya mmoja wa wanawake wanaotoka mlangoni. Kisha darasa lote lijadili kwa nini wafanyakazi wale waliombwa watoke tena.